Kitenzi cha kunena kisicho na "nanena"

Frateri mmoja ninayemsaidia Kilatini alinitumia picha ya ukurasa wa daftari lake jioni moja. Alikuwa amepewa mistari minne ya Vergilius, mshairi wa Kirumi, aitafsiri kwa Kiswahili. Mitatu ilikuwa imekaa vizuri. Wa nne alikuwa ameuandika, akaufuta, akauandika tena, mpaka karatasi ikachanika pale kwenye maneno mawili ya mwisho. Chini yake ameuliza: "Mwalimu, huyu Venulus anasema au anasemwa?"

Mistari yenyewe ni hii, kitabu cha 11 cha Aeneis, utenzi wake mkuu juu ya shujaa Aeneas, mstari wa 239 hadi 242:

atque hic legatos Aetola ex urbe remissos
quae referant fari iubet, et responsa reposcit
ordine cuncta suo. tum facta silentia linguis,
et Venulus dicto parens ita farier infit

Kisa chenyewe ni hiki. Mfalme Latinus amebanwa na vita dhidi ya Aeneas na Watroia wake. Alikuwa ametuma wajumbe kusini mwa Italia kwa Diomedes, shujaa wa Kigiriki aliyepigana na Watroia miaka iliyopita, kumwomba msaada; mji wake ndio Aetola urbs ya mstari wa kwanza. Wajumbe wamerudi mikono mitupu. Mfalme ameita baraza, na mbele ya watu wote anawataka waeleze walichoambiwa. Ndimi zinanyamaza. Venulus anasimama.

Na hapo Frateri wangu ameandika: "Naye Venulus, mzazi wa neno, akaanza kusemwa hivi."

Nitalianza lile dogo. Parens ya hapa si mzazi. Kilatini kina parens mbili zinazoandikwa sawasawa, moja yenye a fupi inayotoka pario, "nazaa", na moja yenye a ndefu inayotoka pareo, "natii". Mstari wenyewe unadai a ndefu, maana ile fupi ingeuvunja mwendo. Kwa hiyo Venulus ni mwenye kutii neno aliloambiwa na mfalme. Hilo lilimwingia mara moja.

Kubwa ni farier infit. Niliangalia alivyofikia "kusemwa" nikaona hakukosea ovyo. Amejua kwamba -ier ni mwisho wa kale wa kitenzi-jina katika kauli ya kutendwa, mahali ambapo Kilatini cha kawaida kingeweka -i. Amejua fari ina umbo la kutendwa. Kutoka hapo hesabu yake ni safi: umbo la kutendwa, basi Venulus anatendwa. Alichokosa ni kujua kwamba fari ni miongoni mwa vitenzi ambavyo wanasarufi huviita deponenti, yaani vyenye vazi la kutendwa na maana ya kutenda. Loquor, "nazungumza". Sequor, "nafuata". Morior, "nakufa". Vazi ni la mtendwa, aliyelivaa ni mtenda.

Wanafunzi wengi huliona jambo hili kama ukorofi wa Kilatini peke yake. Nilimwambia asome sentensi hii: "Nimeelewa somo." Elewa ina -wa ya kutendwa mwishoni, wazi kabisa. Inatoka kwenye elea, ambayo bado tunaisikia watu wanaposema "jambo hili halijanielea". Ukifuata umbo, elewa ni "kufanywa jambo likuelee". Lakini nani leo anayesikia kutendwa ndani yake? Tunaielekeza kwa yambwa moja kwa moja, tunaelewa somo, tunaelewa swali, na mwenye kuelewa ndiye mwenye tendo. Tazama pia "nimechelewa". Kwa hiyo mwenye Kiswahili ana mlango wake mwenyewe wa kuingilia deponenti, na ni afadhali aingilie huo kuliko kukariri orodha.

Akajibu: "Basi Venulus anasema. Nimeelewa." Kisha, baada ya dakika chache, picha nyingine: jedwali zima la kitenzi hicho kwa nafsi zote sita, limepigiwa mstari kwa rula. For, faris, fatur, famur, famini, fantur. Unadhifu wake ulinigusa. Lakini jedwali lile halikuwa la kweli, na hapa ndipo kisa kinapoanza kuwa kizuri.

Ukifungua kamusi ya Kilatini kutafuta kitenzi hiki, utakikuta chini ya for, kwa sababu kamusi za Kilatini huorodhesha vitenzi kwa nafsi ya kwanza umoja, wakati uliopo: amo, "napenda", dico, "nasema". Kwa hiyo kamusi inahitaji for, "nanena". Ila katika mashairi na nathari ya Warumi iliyotufikia, for haipo. Kitenzi kizima kimetundikwa kwenye kigingi ambacho waandishi wenyewe hawakukitumia. Wakati uliopo una fatur, "ananena", na fantur, "wananena", basi. Wakati ujao una fabor, "nitanena", na fabitur, "atanena". Kuamuru ni fare. Uliotimia ni fatus sum, "nimenena". Kitenzi-jina ni fari, na ile farier ya kale. Kuna fandi na fando, "ya kunena, kwa kunena", na fatu, kama katika haud mollia fatu, "mambo yasiyo laini kuyanena". Mengine ni matundu.

Nilimwomba afute yale asiyoweza kuyaonyesha katika mstari wowote wa mwandishi wa Kirumi. Ni zoezi ninalolipenda, kwa sababu jedwali lililojaa humdanganya mwanafunzi kwamba lugha ni kabati lenye droo sita kila upande. Fari ni nyumba ya zamani. Vyumba vingine vimeanguka, vilivyobaki vinakaliwa na watu wakubwa.

Wakubwa kweli. Kaulize nani anatumia fomu hizi kwa Vergilius. Fabor iko kinywani mwa Jupiter, mfalme wa miungu, kitabu cha 1, mstari wa 261, anapomfunulia binti yake Venus yatakayompata Aeneas: fabor enim, "maana nitanena". Fare iko kinywani mwa Charon, mvushaji wa wafu, anapomwona mtu aliye hai akikaribia mto wake: fare age, "haya, nena", sema unataka nini, simama hapo hapo. Kitabu cha 6 chenyewe kinafunguka kwa sic fatur lacrimans, "ndivyo anenavyo akitokwa na machozi", Aeneas akiwa amempoteza nahodha wake. Mtu anayeuliza bei ya samaki sokoni hahitaji kitenzi hiki. Yeye anatosheka na dico na loquor, na akimnukuu mwenzake, inquit.

Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma, alilijua hilo. Katika De Oratore, aliyoiandika mwaka 55 KK, anataja effari, mtoto wa fari, pamoja na maneno machache ya kale ambayo msemaji akiyaweka mahali pake huyapa maneno yake ukuu. Kwa hiyo tayari miaka ile, kwa sikio la Mrumi msomi, kitenzi hiki kilikuwa na vumbi la heshima juu yake.

Sasa rudi kwenye mistari minne. Frateri aliuliza swali zuri kuliko la kwanza: kama mstari wa 240 unasema fari, kwa nini mstari wa 242 useme farier? Kitenzi kilekile, kitenzi-jina kilekile, mstari mmoja tu katikati.

Jibu la kwanza liko kwenye mizani. Heksameta ya Kilatini, bahari aliyotungia Vergilius, ina miguu sita, yaani vipande sita, na haihesabu idadi ya silabi kama tunavyohesabu mizani zetu. Inapima urefu na ufupi wake. Mguu wa tano kwa kawaida ni silabi moja ndefu na mbili fupi. Ukikata mstari ule, unapata: et Venu | lus dic | to pa | rens ita | farier | infit. Mguu wa tano ni fa-ri-er, ndefu fupi fupi, umejaa barabara. Ukiweka fari ya kawaida, i ya mwisho inakutana na i ya infit, na kwa kanuni ya ushairi wa Kilatini ile ya kwanza inamezwa. Unabaki na far'infit, mguu unakatika, mstari unakufa. Mstari wa 240 hauna shida hiyo: fari inafuatwa na iubet, ambayo huanza kwa konsonanti.

Mtunzi yeyote wa mashairi ya Kiswahili anaijua hali hii. Tuna inkisari, ya kufupisha neno ili mizani itimie, na mazida, ya kulirefusha. Lakini farier si mazida tupu. Vergilius hakuirefusha fari kwa nguvu. Alikwenda kuchukua umbo lililokuwa limeishi kweli. Katika bamba la shaba la mwaka 186 KK, lenye amri ya Seneti ya Roma kuhusu ibada za Bacchus, mungu wa divai, lililopatikana Tiriolo kusini mwa Italia na leo liko Vienna, mna figier, "kupigiliwa", na gnoscier, "kujulikana". Hiyo ilikuwa Kilatini ya serikali, karibu miaka 170 kabla Vergilius hajafa mwaka 19 KK. Watunzi wetu hufanya vivyo hivyo wanapochukua neno la Kiamu au la Kimvita cha kale kukamilisha kipande: mizani inatimia, na papo hapo shairi linapata mvi.

Ndiyo maana jibu la mizani peke yake halinitoshi. Neno jirani, infit, nalo ni la ajabu. Ni kitenzi chenye umbo moja, "anaanza", kinachozoeleka mtu anapoanza kusema. Kwa waandishi wakubwa hutalikuta "ninaanza" lake wala "walianza" lake; yuko peke yake kama jiwe la mpakani. Vergilius amekaa na kitenzi chenye matundu, amekipa mkia wa kale, akakioza kwa kitenzi chenye umbo moja, na ndoa hiyo ameifunga mahali ambapo ukumbi mzima umenyamaza. Angeweza kumaliza mstari kwa njia nyingine kumi. Alitaka tusikie mjumbe anayejua kwamba maneno yake yanakwenda kuvunja matumaini ya mfalme. Maneno ya namna hiyo hayasemwi kwa lugha ya kila siku.

Asili ya kitenzi inaeleza uzito wake. Mzizi wake ni wa zamani kuliko Roma yenyewe, ni ule ule uliozaa phemi, "nasema", ya Kigiriki, na phone, "sauti", iliyotufikia sisi katika fonimu na fonolojia. Kwa Warumi, Varro, mwanazuoni aliyezaliwa mwaka 116 KK, alieleza fari kwa namna ambayo sijaona iliyoizidi. Anasema fatur ni mtu anapotoa kwa mara ya kwanza sauti yenye maana. Kabla ya hapo watoto huitwa infantes, "wasionena". Neno linalotafsiriwa "mtoto mchanga" ndani yake ni hilo tu: in- ya kukanusha, na fans, "mwenye kunena". Varro huyohuyo anamtaja Fabulinus, mungu mdogo ambaye wazazi wa Kirumi walimtolea sadaka siku mtoto alipoanza kunena.

Kwa hiyo fari si kupiga soga. Ni ile sauti inayovuka kutoka kwenye kelele kwenda kwenye maana. Katika sheria ya Roma uvukaji huo ulikuwa na gharama halisi, kwa kuwa mkataba wa stipulatio ulifungwa kwa mdomo, swali na jibu: Spondesne? Spondeo. "Unaahidi?" "Naahidi." Asiyeweza kutamka hakuweza kufunga. Sheria za baadaye ziliweka mpaka wa infans kwenye miaka 7.

Varro anatuonyesha upande mwingine tena. Kalenda ya Roma ilikuwa na siku zilizoitwa nefasti. Siku hizo, anaandika, ilikuwa mwiko kwa praetor, yaani hakimu mkuu, kunena maneno matatu: do, dico, addico, "natoa, natamka, nakabidhi". Bila maneno hayo kesi haikwenda. Na kitenzi anachotumia Varro kwa "kunena" katika sentensi hiyo ni fari. Hakimu aliweza kuongea na mkewe, kumwita mtumwa wake, kulalamika juu ya joto. Asichoweza ni fari, ule usemi ambao ukishatoka, jambo limekuwa.

Hapo ndipo fatum inapoeleweka. Fatum ni "kilichonenwa", hakuna zaidi. Sisi tumezoea kusema mambo ya majaaliwa yameandikwa. "Imeandikwa", tunasema, na kalamu imekauka. Mrumi alisikia pale ambapo sisi tunasoma. Kwake majaaliwa ya mtu yalikuwa sauti iliyokwisha kutoka kinywani mwa mungu na isiyoweza kurudi. Sikiliza tena Jupiter anavyomwambia Venus: fabor enim, na mstari unaofuata, fatorum arcana, "siri za yaliyonenwa". "Nitanena" na "yaliyonenwa" yanagusana mstari kwa mstari, na ukitafsiri neno la pili "hatima" tu, umemnyima msomaji mlio huo. Sijui namna nzuri kuliko kulirudia neno: nitanena, yaliyonenwa.

Watoto wa fari ni wengi kumshinda mzazi. Fama, uvumi, ambaye Vergilius katika kitabu cha 4 amemchora kama dubwana lenye jicho chini ya kila unyoya, na ulimi na sikio kwa kila jicho. Fabula, hadithi. Infandum, "lisilonenekana", neno la kwanza la Aeneas malkia Dido anapomtaka asimulie kuanguka kwa Troia. Praefatio, sehemu ya misa tunayoiita Utangulizi. Kuna pia fateor, "nakiri", na kutoka humo confiteor ambayo Mkatoliki yeyote aliyewahi kusikia misa ya Kilatini anaijua: Confiteor Deo omnipotenti, "Nakuungamia Mungu Mwenyezi". Mwingine ni profiteor, "natangaza hadharani", na mtu wa kufanya hivyo akaitwa professor. Kila tunapomwita mtu profesa, kipande cha fari kimepita midomoni mwetu.

Nilipomwandikia Frateri hayo alinyamaza siku mbili. Kisha akauliza: "Sasa Mwalimu, kitenzi kinakufaje halafu watoto wake wanajaa hivyo?"

Jibu la swali lile lilikuwa ndani ya sentensi zake mwenyewe. Tunalo kwetu, tena ni kitenzi cha kusema vilevile. Amba. Katika mashairi ya kale ya Lamu na Mombasa, amba ni "sema", kitenzi kamili chenye nguvu. "Akamba" ni "akasema". Waganda mpaka leo wana okugamba, "kusema, kuambia", ndugu wa damu. Katika Kiswahili sanifu amba ametoweka kama kitenzi cha peke yake. Hakuna anayesema "naamba" kwa maana ya "nasema". Lakini watoto wake wameshika kila mlango. Ambia, tendea yake: nikuambie, umeambiwa, waambie. Kwamba, ambayo ni ku-amba, "kusema", iliyogeuka kiunganishi: "alisema kwamba", ukiichimba, ni "alisema kusema". Na ambaye, ambacho, ambalo. Jaribu kuandika ukurasa mmoja wa gazeti bila amba, uone. (Asichanganywe na wamba, ya mwamba ngoma, wala ambata, hao ni wa koo nyingine.)

Basi for haipo na naamba haipo, na wazao wa yote mawili wanafanya kazi kila siku.

Tukabakiwa na tafsiri yenyewe. Kuhusu fari sikuwa na shaka: ni nena. Sema ni ya dico. Nena tunayo kwa nabii, kwa mfalme, kwa mzee anayetoa usia. Wafasiri wa Biblia waliandika "akanena" pale walipotaka neno lisimame. Mtoto anaambiwa "usiseme uongo", haambiwi "usinene uongo". Tofauti hiyo ndiyo hasa Vergilius anaifanyia kazi.

Shida ilikuwa kuupata ukale wa farier infit. Frateri ndiye aliyepata, si mimi. Alikuwa na bibi wa Mombasa, akakumbuka kwamba yeye mwanzo huita mwando, na kuanza, kwanda. Akaandika: "akaanda kwamba". Nilisimama nikiisoma. Maneno mawili ya kale, yote mawili hai bado katika vitoto vyao, "akaanza kusema" kwa Kiswahili chenye mvi. Kwa sikio la mtunzi wa Lamu wa zamani hiyo ingekuwa farier infit kamili.

Lakini msomaji wa leo ataisoma kwamba kama kiunganishi, atasubiri sentensi iendelee, na Venulus atabaki mdomo wazi mbele ya baraza. Tulibishana kidogo. Yeye alitaka kuibakiza na kuweka maelezo pembeni. Mimi nilisema mstari unaohitaji mkalimani pembeni haujatafsiriwa bado. Tukakubaliana ukale ubebwe na neno moja tu, lile la kuanza, na nena ibebe heshima. Nilimwachia aandike mwenyewe, na haya ndiyo aliyotuma:

Na hapo wajumbe waliorudi toka mji wa Waetolia
awaamuru wanene walilokuja nalo, ataka majibu
yote, kwa taratibu yake. Ndimi zikatulia kimya,
na Venulus, mtii wa neno, akaanda kunena hivi